Dakika Tano za Mwisho: Namna Bora ya Kuhitimisha Somo la Kusoma

Hii ni mada iliyoandaliwa kusomwa katika mikutano ya kata inayowakutanisha wazazi, walezi, walimu na wajumbe wa kamati za shule za msingi. Inachapishwa hapa kwa ukamilifu ili wakazi ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria nao waipate.



Huduma ya elimu katika kata hupimwa mara nyingi kwa vitu vinavyoonekana kwa macho: idadi ya vyumba vya madarasa, madawati, matundu ya vyoo na nyumba za walimu. Vitu hivyo ni vya lazima, na wananchi wana haki ya kuvidai. Hata hivyo, lipo jambo moja ndani ya darasa ambalo halihitaji saruji wala bati, na ambalo huamua kama mtoto aliyekaa kwenye dawati hilo ameondoka na kitu au ameondoka mikono mitupu. Jambo hilo ni namna mwalimu anavyolifunga somo la kusoma.

Kipindi cha Darasa la Kwanza na la Pili ni dakika 30, na kuanzia Darasa la Tatu ni dakika 40. Katika vipindi vingi muda huo huisha wote kwenye kusoma. Mwalimu husoma, wanafunzi humfuatisha, mstari mmoja husomewa chumba kizima, kisha kengele, au rimu ya gari iliyotundikwa mtini, inagongwa. Mwalimu huuliza kwa haraka, "Mmeelewa?" Darasa zima hujibu kwa sauti moja, "Ndiyo, Mwalimu!" Vitabu hukusanywa na watoto hutoka mbio.

Jibu hilo la pamoja ndilo linalostahili kuangaliwa kwa makini. Mtoto aliyeelewa husema ndiyo. Asiyeelewa naye husema ndiyo, kwa sababu wenzake wamesema hivyo, na kwa sababu hapana ingemfanya aonekane mjinga. Kwa hiyo mwalimu huondoka darasani bila kujua lolote, na mtoto asiyejua kusoma hupata siku nyingine ya kujificha. Siku hizo zikifuatana huzaa mwaka, na miaka ikifuatana mtoto hufika Darasa la Nne, mbele ya karatasi ya upimaji wa kitaifa ambayo hakuna mwenzake wa kumsomea.

Kwa nini Kiswahili kinahitaji hitimisho lenye uzito

Lugha ya Kiswahili ina neema yake katika kufundisha kusoma. Herufi zake hutamkwa karibu sawasawa kila zinapoonekana. Mtoto akishazijua silabi, na akishapita vizingiti vya mwambatano kama vile "kunywa", "ng'ombe" na "mbwa", anaweza kulitamka karibu neno lolote atakalowekewa mbele. Ndiyo maana mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili wa mwaka 2015, uliozipa kipaumbele stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, uliweka mkazo katika sauti za herufi na silabi.

Neema hiyo ina upande wake wa pili. Kwa kuwa kutamka ni rahisi, mtoto anaweza kuusoma ukurasa mzima kwa ufasaha na asijue umesema nini. Anaweza kutamka "ghala", "hodari" au "kinyongo" bila kosa hata moja, na maneno hayo yasimpe picha yoyote kichwani. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa mtoto ambaye nyumbani kwao huzungumzwa Kisukuma, Kigogo, Kihehe, Kimakonde au lugha nyingine ya asili, na ambaye Kiswahili cha kitabuni amekikuta shuleni. Msikilizaji aliyesimama nje ya dirisha atasema mtoto huyu anasoma. Kwa kweli anatamka tu.

Wapo pia watoto waliokariri. Ukurasa uliosomwa kwa kuitikia mara kumi huingia kichwani kama wimbo, na mtoto huweza kuuimba akiwa anatazama juu ya paa. Mtoto wa namna hii hugundulika tu pale anapotakiwa kufanya kitu peke yake na kwa maneno yake mwenyewe. Nafasi ya kumgundua, kila siku na bila gharama, iko mwishoni mwa somo.

Kukumbuka kuna tofauti na kurudia

Wapo watakaosema kwamba dakika tano za mwisho zingefaa zaidi kutumika kusoma habari ileile mara moja zaidi. Hoja hiyo inaonekana ya busara, lakini utafiti umeonyesha vinginevyo. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Wanafunzi walisoma vifungu vifupi vya habari. Wengine walivirudia kuvisoma, na wengine waliviweka kando wakaandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojaribu kukumbuka walibaki na mengi zaidi.

Wanafunzi wale walikuwa watu wazima, na darasa la pili la shule ya kata si chuo kikuu. Hata hivyo, funzo lake linaeleweka na kila aliyewahi kujifunza njia ya kwenda mahali. Anayepelekwa kila siku kwa kushikwa mkono huchelewa kuijua njia. Anayeachwa aitafute mwenyewe, hata akikosea mara moja, huijua. Mtoto anayetakiwa kukifunga kitabu na kueleza alichosoma anaitafuta njia mwenyewe.

Mbinu zinazofaa

Hitimisho lina nafasi yake katika andalio la somo.  Tatizo ni kwamba hitimisho huandikwa kwenye karatasi na kumezwa na kengele darasani. Mbinu ya kwanza, kwa hiyo, ni kusimamisha kusoma dakika tano kabla ya kipindi kwisha, hata kama habari haijafika mwisho. Habari iliyobaki itasomwa kesho, na watoto watakuwa na hamu nayo.

Ili mbinu nyingine zieleweke, ichukuliwe habari fupi kama hii, ya kiwango cha Darasa la Pili au la Tatu:

Siwema alitumwa dukani kununua chumvi. Njiani alimkuta mbuzi wa jirani amenasa kwenye ua wa miiba. Siwema alimnasua, mikono yake ikachubuka. Alipofika dukani, alikuta duka limefungwa. Alirudi nyumbani bila chumvi. Mama alipotaka kumkaripia, jirani alipiga hodi. Mkononi alishika bakuli la chumvi.

Mbinu ya pili ni kusimulia kwa vidole vitano. Kitabu hufungwa. Kila mtoto hunyoosha mkono wake, na kila kidole hubeba swali moja: nani, wapi, nini kilianza, nini kilifuata, na mwisho ulikuwaje. Kidole gumba ni Siwema. Kidole cha pili ni njiani kuelekea dukani. Cha tatu ni mbuzi aliyenasa. Cha nne ni duka lililofungwa. Cha mwisho ni jirani na bakuli lake. Mtoto aliyekwama kwenye kidole fulani ameonyesha mahali hasa ambapo habari ilimpotea, na mwalimu hahitaji kubahatisha.

Katika darasa lenye watoto wengi, usimulizi huu hufanywa na watoto wawili wawili waliokaa dawati moja. Mmoja husimulia kwa dakika moja, mwenzake husikiliza na kuongeza kilichoachwa, kisha hubadilishana. Kwa njia hiyo, ndani ya dakika mbili watoto wote wamezungumza, badala ya wale watatu wa mbele ambao hunyoosha mikono kila siku. Mwalimu hupita kati ya madawati akisikiliza. Darasa litakuwa na kelele, na kelele za namna hiyo hazipaswi kumsumbua Mwalimu Mkuu anayepita nje.

Mbinu ya tatu inahusu uchaguzi wa swali. Swali "Siwema alitumwa kununua nini?" ni jepesi. Mtoto anaweza kulijibu kwa kuliona tu neno "chumvi" ukurasani. Swali "Kwa nini Mama hakuendelea kumkaripia Siwema?" ni la aina nyingine. Jibu lake halikuandikwa mahali popote. Mtoto analazimika kuunganisha mbuzi, mikono iliyochubuka, jirani na bakuli la chumvi. Hitimisho zuri huwa na swali moja la aina ya kwanza, ili kila mtoto apate pa kuanzia, na moja la aina ya pili, ili mwalimu aone nani ameelewa.

Hapa inafaa kutaja desturi moja iliyozoeleka. Somo la habari hufungwa mara nyingi kwa swali, "Hadithi hii inatufundisha nini?" Swali hilo ni zuri na lina mizizi katika utambaji wa ngano nyumbani. Lakini mtoto mwerevu anaweza kujibu, "Inatufundisha kusaidia wengine," kwa kuangalia picha peke yake. Mwalimu akishapokea jibu hilo aongeze jingine: "Ni sentensi gani iliyokuonyesha hivyo? Weka kidole chako hapo, uisome." Kidole kikienda kwenye sentensi sahihi, mtoto amesoma. Kikitangatanga, bado.

Mbinu ya nne ni maneno. Katika habari ya Siwema, maneno "amenasa", "alimnasua" na "ikachubuka" yanaweza kuwa mageni. Mwalimu huchagua mawili au matatu tu, na kuwataka watoto wayatumie katika sentensi zao wenyewe. Mtoto atakayesema, "Goti langu lilichubuka nilipoanguka," amelichukua neno hilo na kuondoka nalo. Kuandika orodha ya maneno kumi ubaoni na kuwaamuru watoto wayanakili hakuleti matokeo hayo.

Mbinu ya tano ni kupimwa mlangoni. Kabla ya kutoka, kila mtoto hutoa jambo dogo. Katika Darasa la Kwanza mwalimu huonyesha kadi yenye silabi au neno lililofundishwa siku hiyo, na mtoto hulisoma anapopita. Katika Darasa la Tatu na la Nne mtoto huandika sentensi moja kwenye kipande cha karatasi na kumkabidhi mwalimu. Pasipo na karatasi, sauti inatosha.

Walimu watauliza, na ni haki yao kuuliza: jambo hili linawezekanaje katika darasa lenye watoto 100? Kiwango kilichowekwa ni watoto 45 kwa mkondo, lakini tangu elimumsingi ilipoanza kutolewa bila ada mwaka 2016, uandikishaji umepanda na shule nyingi zina madarasa yaliyopita kiwango hicho kwa mbali. Jawabu ni kugawa siku. Watoto 100 wakigawanywa makundi matano ya watoto 20, kundi moja hupimwa mlangoni Jumatatu, la pili Jumanne, na kuendelea. Ifikapo Ijumaa hakuna mtoto ambaye sauti yake haijasikika peke yake. Mtoto anayesikilizwa mara moja kwa wiki ana hali bora kuliko yule ambaye hajasikilizwa muhula mzima.

Mbinu ya sita ni ya mwalimu mwenyewe. Baada ya yote, mwalimu husoma kwa sauti sentensi mbili au tatu za habari hiyo kwa lafudhi nzuri na mapumziko yanayostahili, ili sauti ya mwisho inayobaki masikioni mwa watoto iwe ni ya usomaji sahihi. Kisha huwadokeza habari ya kesho bila kuimaliza. Bibi na babu waliotamba ngano jioni walilijua jambo hili vizuri. Msimulizi aliyejua kukatiza mahali pake alihakikisha kwamba kesho yake wajukuu wangerudi wenyewe, bila kuitwa.

Mambo ya kuepuka

Dakika za mwisho hazifai kuingiza jambo jipya. Mtoto aliyechoka hatalishika, na litamchanganya na lile alilokwisha kulipata.

Hazifai pia kuwa dakika za aibu. Mtoto aliyeshindwa kusoma kadi mlangoni akichekwa, au akizuiwa kutoka kama adhabu, kesho atajifunza kujificha vizuri zaidi, au hatakuja kabisa. Mwalimu amsaidie kulisoma neno hilo, alirudie pamoja naye, kisha amwache aende na wenzake. Jina lake liandikwe daftarini, wala lisitangazwe mbele ya darasa. Makofi ya kilo nayo yasiwe mali ya watoto walewale watatu. Mtoto aliyesoma neno moja leo, na jana hakuweza, anastahili makofi hayo.

Kumbukumbu ya mwalimu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwishoni mwa andalio la somo kuna nafasi ya tathmini, na mara nyingi hujazwa maneno kama "Somo limeeleweka vizuri." Maneno hayo hayamsaidii mwalimu wala mtoto. Tathmini yenye manufaa husema, kwa mfano: "Kati ya watoto 20 waliopimwa, 13 wameweza kusimulia habari, wanne wamesoma bila kuelewa, watatu hawajaweza kusoma silabi za mwambatano. Kesho kuanza na 'nywa' na 'ng'o'." Maandishi hayo ya mistari mitatu ndiyo utangulizi wa somo la kesho. Mwalimu akihamishwa au akiugua, mwenzake atakayeshika darasa atajua pa kuanzia.

Sehemu ya wazazi na kamati za shule

Ndugu wazazi na walezi, somo la kusoma lililofungwa vizuri darasani huendelea nyumbani, na mzazi hahitaji kuwa na elimu kubwa ili kulipokea. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kumwuliza mtoto wake maswali matatu wakati wa kupika au wa kula: Leo mmesoma habari ya nani? Alifanya nini? Wewe ungekuwa yeye ungefanyaje? Mtoto akisimulia kwa mpangilio, mzazi atajua kwamba jambo limeingia. Akisema "nimesahau" siku mbili tatu mfululizo, ipo sababu ya kwenda kuzungumza na mwalimu, kwa heshima na mapema, kabla ya matokeo kutangazwa.

Nyumba ambayo lugha yake ni ya asili isijizuie kwa sababu hiyo. Mtoto anaweza kuisoma habari kwa Kiswahili na kuisimulia kwa lugha ya nyumbani. Kufanya hivyo ni ushahidi mkubwa wa kuelewa, kwa kuwa hakuna anayeweza kufasiri asichokielewa.

Kamati za shule nazo zina swali la kuuliza katika vikao vyao. Pamoja na kuuliza shule imeshika nafasi ya ngapi, waulize pia: watoto wangapi wa Darasa la Pili bado hawajaweza kusoma na kueleza walichosoma, na upo mpango gani kwa kila mmoja wao? Shule ambayo walimu wake hufunga somo kwa kupima itakuwa na jibu la tarakimu. Shule isiyo na jibu isilaumiwe kwanza. Isaidiwe kuanza, kwa kadi za maneno zilizokatwa kutoka kwenye maboksi ya dukani, kwa karatasi zilizotumika upande mmoja kutoka ofisi za kata na vijiji, na kwa Mwalimu Mkuu kutenga muda wa walimu kutazamana wanavyofundisha.

Ndugu wananchi, mtoto anayemaliza shule ya msingi bila kuelewa anachosoma atakutana na maandishi maisha yake yote: maelekezo ya dawa kwenye pakiti, mkataba wa mauziano ya shamba, tangazo la mkopo, ujumbe wa simu unaomtaka atume fedha. Katika kila moja ya hayo, kutamka hakutamwokoa asiyeelewa. Dakika tano za mwisho za kila kipindi ndizo zinazoweza kumfichua mtoto huyo akiwa bado na umri wa miaka saba, wakati kumsaidia kunahitaji kadi moja na mwalimu mmoja mwenye subira. Walimu wanaombwa kuzilinda dakika hizo, na wazazi wanaombwa kuanza leo jioni, watoto watakaporudi, kuwauliza habari waliyosoma.